Parafujo Mpya, Ubao Mbovu

Katika mkutano wa Chama cha Mashua uliofanyika mwanzoni mwa muhula huu, wanachama waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisema mashua yetu kuukuu iuzwe kwa mtu ye yote atakayeitaka, hata kama ni kwa kuni. La pili lilisema zinunuliwe parafujo nyingine nene zaidi, vyuma vyote vya sitaha vikazwe, na safari ziendelee. La tatu, nalo lilikuwa dogo, lilisema mashua ipandishwe mchangani, vyuma vifunguliwe, na kazi ianzwe kutoka chini. Mkutano ulikwisha bila ya kukata shauri. Mimi ni mlezi wa chama hicho, na siku ile sikutoa rai yangu kwa kuwa sikutaka kuwazuia vijana wasiseme yao. Sasa nataka kuitoa hapa mbele ya wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi. Rai yangu ni ile ya kundi dogo. Naishika kwa nguvu, maana kosa lililotufikisha hapa ni langu mwenyewe.

Kwa wale wasioifahamu mashua yetu, si jahazi wala si ngalawa. Ni chombo cha mita 5 hivi, chenye mlingoti mmoja, tanga moja, na sitaha fupi mbili, moja omo na moja tezi. Juu yake kuna vyuma vitano: pete ya kamba ya nanga huko omo, macho mawili ya kushika kamba za mlingoti, moja kila ubavu, kifungio cha henza karibu na mlingoti, na kifungio cha demani huko tezi. Henza ndiyo kamba ya kupandishia tanga. Demani ndiyo kamba ya kulivutia tanga na kulilegezea. Kifungio ni kile chuma chenye pembe mbili ambacho kamba huzungushwa ikakaa. Vitu hivi ni vidogo, kila kimoja waweza kukifunika kwa kiganja. Lakini upepo wote uingiao katika tanga hauna budi kupita hapo kabla ya kufika katika mwili wa mashua.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, kusi likiwa limeshika barabara, tulivuka kutoka Shangani kwenda Msangamkuu, wanafunzi saba na mimi. Kwenda kulikuwa rahisi. Kurudi ilitubidi kubisha, maana upepo ulitoka upande ule tulioukabili. Tulipokuwa katikati ya maji likaja wimbi la upepo, tanga likajaa, demani ikakaza kama ubao. Nikasikia mlio mdogo tu, mfano wa mtu avunjaye muhogo mkavu. Kifungio cha demani kiling'oka na parafujo zake zote nne, kikaruka mwisho wa kamba, kikapita karibu na sikio la msichana mmoja wa Kidato cha Pili. Chuma kile kina uzito wa nusu kilo. Kikiruka hivyo ni rungu.

Tanga likabaki linapigapiga, mashua ikapoteza mwendo, ikageuza ubavu, ikaanza kwenda mrama. Kila mtu alikuwa amevaa boya la kujiokolea, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wavuvi waliokuwa wakirudi walitutupia kamba wakatuvuta hadi pwani. Hakuna aliyeumia. Lakini kutoumia kwetu kulitokana na nafasi ya upana wa vidole vinne kati ya chuma na kichwa cha mtoto wa mtu.

Jumatatu yake mama wa msichana yule alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alikaa, akanisalimu vizuri, kisha akauliza, "Mwalimu, kile chuma mlikikagua?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Mwaka jana nilikikaza mwenyewe kwa mkono wangu."

Akasema, "Sikukuuliza kama ulikikaza, mwalimu. Nimekuuliza kama mlikikagua."

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba mwaka uliotangulia nilikiona kifungio kile kinacheza. Nikatoa parafujo nyembamba, nikatia nene, nikazikaza kwa bisibisi mpaka kiganja kikauma. Kikatulia. Nikapaka rangi juu yake, nikajisifu kwamba nimetengeneza mashua. Wanafunzi waliniona nikifanya hivyo, na kwa hiyo niliwafundisha jambo la uongo bila ya kusema neno. Wale wa kundi la pili katika mkutano wetu, waliotaka parafujo nene zaidi, hawakulizua wazo hilo. Walilipata kwangu.

Juma lile lile nilikichukua kile chuma nikavuka nacho mpaka kwa fundi mmoja mzee wa Msangamkuu ambaye amefanya kazi ya mashua tangu ujana wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kivulini."

Nikampa chuma. Akakigeuza, akazitazama parafujo moja moja. Akasema, "Parafujo zako nzima. Hazina kosa. Tazama zilichokuja nacho." Kweli, katika mikato yake kulikuwa na ubao uliolowa, laini, mweusi, kama chicha ya nazi iliyokwisha kukamuliwa. Siku ya pili alikuja mwenyewe Shangani kuiona mashua. Akachomoa kisu chake, akakisukuma katika sitaha karibu na lile tundu. Kisu kikaingia kama katika papai bivu. Kisha akagonga sitaha yote kwa mpini wake, shibiri kwa shibiri. Penye ubao mzima ulisikia sauti kavu ya juu. Penye ubao mbovu sauti ilikuwa nzito na ya kufa, kama kupiga gunia. Katika vyuma vitano, vitatu vilikuwa juu ya ubao mbovu, na kimojawapo kilikuwa pete ya nanga.

Mzee akafuta kisu chake akasema maneno ambayo watu wa pwani wote wanayajua: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nami nilikuwa nimeyasikia tangu utoto, nikidhani ni fumbo tu la tabia za watu. Kumbe ni sheria ya kazi. Ngama ni lile tumbo la chini la chombo ambako maji hukusanyika. Atakaye kuijua mashua na atazame chini.

Hebu sasa tuyatazame mambo haya kwa akili, maana shule ni mahali pa kujua sababu. Kwanza, kwa nini ubao uliharibika? Wengi hudhani maji ya bahari ndiyo yaozeshayo. La. Kuvu inayokula ubao haipendi chumvi. Yapenda maji baridi, yaani maji ya mvua, yaliyonaswa mahali pasipopita hewa. Mashua yetu ilikaa mchangani bila ya kifuniko katika mvua za Desemba mpaka Aprili. Kila tundu la parafujo lililolegea lilikuwa kisima kidogo. Maji yakaingia, yakakaa chini ya chuma ambapo jua halifiki, na kuvu ikafanya karamu. Bahari, kwa upande wake, ina wadudu watoboao mbao, lakini hao hushambulia sehemu ya chini inayokaa majini. Adui wa sitaha hutoka juu, tena ni yale maji tunayoyaomba kwa ajili ya mashamba.

Pili, kwa nini parafujo nene haikusaidia? Parafujo hushika nyuzi chache za ubao zinazoizunguka, basi. Kila tanga livutapo, chuma huenda kidogo na kurudi kidogo. Tundu likapanuka unene wa ukucha, maji yakapata mlango. Ukitia parafujo nene zaidi, umekata nyuzi zilizokuwa bado nzima ili ushike zilizobaki. Kwa siku chache itakaza. Baadaye tundu lako ni kubwa kuliko lile la kwanza, na ubao mzima umepungua.

Tatu, tusidharau upepo. Nguvu ya upepo katika tanga haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukizidi ukawa wa 40, nguvu yake haiwi mara 2, bali mara 4. Ndiyo sababu chuma kilichostahimili asubuhi nzima chaweza kung'oka kwa pumzi moja ya kusi.

Dawa yake basi ni nini? Ni kuacha kushika nyuzi na kuanza kushika ubao wote. Kazi hiyo hufanywa kwa bolti, ambazo hupita sitaha mpaka chini na kufungwa kwa nati. Lakini bolti peke yake haitoshi. Chini ya nati hutiwa kile kibati cha duara chenye tundu ambacho mafundi hukiita washa. Tufanye hesabu, nanyi wa Kidato cha Pili mwaweza kunisahihisha. Washa yenye upana wa milimita 16, na tundu la milimita 8, ina eneo la milimita za mraba 151 hivi. Bolti nne zina washa nne, jumla 604. Sasa tukiweka chini ya sitaha kipande cha ubao mgumu chenye urefu wa milimita 150 na upana wa 100, bolti zote nne zikapita humo, mzigo utakaa juu ya eneo la milimita za mraba 14,800 baada ya kutoa matundu. Hilo ni eneo karibu mara 25. Nguvu ni ile ile, upepo ni ule ule, lakini kila sehemu ya sitaha inachukua moja tu ya sehemu 25 za mzigo wa kwanza. Kipande hicho nitakiita ubao wa egemeo. Hakionekani na mtu aliyesimama pwani, wala hakitiwi rangi nzuri, lakini ndicho kitakachomrudisha mtoto nyumbani.

Kwa ajili ya wale watakaofanya kazi hii, nitaeleza taratibu yake kama fundi alivyotuonyesha. Chuma hufunguliwa kwanza. Ubao mbovu huchimbwa kwa patasi mpaka kuufikia ubao mzima, na hapa ndipo watu hudanganyana, maana moyo husema "yatosha" kabla ya patasi kusema. Mchonga vinyago wa Kimakonde hutufundisha jambo hili: hukata gogo la mpingo, akauondoa ule weupe wa nje, mpaka afikie kiini cheusi, hata kama gogo litapungua sana. Nasi tusiuonee huruma ubao mbovu. Kisha mahali pale huachwa pakauke kabisa, juani kwa siku kadhaa, na usiku pafunikwe. Kuziba ubao wenye maji ni kufungia mwizi ndani ya nyumba.

Pakisha kukauka, hutiwa kiraka cha ubao mpya kilichopasuliwa sawa na tundu, nyuzi zake zikifuata nyuzi za sitaha, kikashikwa kwa gundi ya ipoksi. Ubao wa egemeo huwekwa chini yake, na nyuzi zake zikatize zile za sitaha, maana ubao hupasuka kwa kufuata nyuzi, na mbao mbili zilizokatizana huzuiana zisipasuke. Ikiwa kuna boriti ya sitaha karibu, ni bora egemeo liegemee boriti hiyo. Matundu hutobolewa kwa keekee. Ukingo wa kila tundu hupakwa gundi ndani ili ubao usinywe maji. Chini ya chuma hutandikwa kitu cha kuzuia maji. Wazee walitumia pamba iliyoloweshwa mafuta, na leo zipo dawa za dukani. Nati hukazwa kidogo kwanza, dawa ikishika ndipo zikazwe sawasawa, kwani ukikaza kwa nguvu mara moja utaikamua dawa yote itoke nje.

Habari ya madini nayo haifai kusahauliwa. Chuma na shaba vikigusana katika maji ya chumvi huwa kama betri ndogo, na mmoja humla mwenziwe. Parafujo ya shaba ya manjano baharini hupoteza zinki yake polepole, ikabaki na sura nzuri lakini imekuwa dhaifu kama biskuti. Hata kile chuma kiitwacho kisichoshika kutu huliwa kikikaa ndani ya ubao wenye maji bila ya hewa. Kwa hiyo bolti, nati na washa za mahali pamoja ziwe za madini ya namna moja, nazo zifunguliwe na kutazamwa kila mwaka.

Mwisho ni jaribio. Kabla ya kushusha mashua, funga kamba katika kifungio, wanafunzi wawili wenye miili wavute kwa uzito wao wote kuelekea upande ule tanga litakakovuta, hali mwingine ameweka kidole chini ya sitaha aone kama kuna kitu kinachosogea. Kama kifungio kitang'oka, na king'oke mchangani.

Juu ya ubao wa egemeo, nawaomba vijana wasikimbilie kukata mikoko. Mikoko ya mlango wa Ruvuma imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, nayo ndiyo malezi ya samaki wetu. Kwetu sisi chatosha kipande cha mkongo, ambao wengine huuita mbambakofi, katika mabaki ya seremala ye yote mjini. Kipande ambacho yeye angekitia jikoni sisi twaweza kukitumia miaka mingi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kizungu ya vitabuni. Nawajibu kuwa pwani hii ilijua kugawanya mzigo kabla ya bolti kuzaliwa. Baharia mmoja wa Kigiriki aliyeandika habari za bahari yetu katika karne ya kwanza alitaja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, akaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mitepe ya kaskazini, iliyoendelea kuundwa karibu na Lamu mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mshono baada ya mshono. Hapakuwa na msumari mmoja uliobebeshwa kazi ya wote. Kila tundu lilichukua sehemu yake ndogo, na chombo kilipojipinda katika mawimbi, mishono ilijipinda pamoja nacho. Hata leo, ngalawa zetu zina miti miwili inayokatiza juu ya chombo na kushika mbao za pembeni zinazokizuia kisipinduke, nayo hufungwa kwa kamba. Mvuvi wa Msimbati huishika miti hiyo akaitikisa kabla ya kusukuma chombo majini. Kamba ikilegea huiona, akaifunga upya. Kamba haifichi udhaifu wake. Parafujo huuficha, tena chini ya rangi. Basi sisi tuliochagua parafujo na bolti imetupasa tukague zaidi kuliko mvuvi.

Sasa nilijibu kundi la kwanza, wale wasemao iuzwe, ikanunuliwe mashua mpya ya faiba. Fedha hizo hatuna, lakini tuseme tunazo. Sitaha nyingi za faiba zina ngozi mbili nyembamba, na katikati yake ubao mwepesi. Maji yakiingia kwa tundu la bolti, ubao wa katikati huoza vile vile, tena bila ya kuonekana, kwani ngozi ya juu hubaki inang'aa. Mtu asiyejua kukagua mashua kuukuu hatajua kukagua mpya. Tutakuwa tumehamisha ujinga wetu katika chombo cha bei kubwa.

Mji wetu wenyewe ni shahidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake. Kwa ajili hiyo ilijengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, na reli ya kwenda bara. Matrekta yaliletwa mengi, lakini udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kwanza. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupoteza paundi milioni 36 hivi, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Bandari ilibaki, nayo yatufaa mpaka leo. Tofauti kati ya mpango ule na kifungio changu cha demani ni ya ukubwa tu. Wao walikaza kwa matrekta, mimi nilikaza kwa bisibisi, na hakuna kati yetu aliyetazama chini kwanza.

Wako pia wazazi wasemao kwamba watoto walikuja kusoma, si kupasua mbao, na kwamba mitihani haiulizi habari za demani. Naheshimu hofu yao. Lakini mtihani huuliza eneo na mgandamizo, huuliza habari za kuvu, huuliza kutu na betri. Mwanafunzi aliyekwisha kukwangua chicha nyeusi kutoka chini ya chuma, akajua imetokana na nini, hatayasahau majibu hayo chumbani. Tena wengi wa watoto hawa watakuwa wajenzi, mafundi, manesi, madereva, walimu. Kila mmoja siku moja atakabidhiwa kitu kilicholegea, na watu wanaokitegemea, na rangi ya kupaka. Nataka awe amekwisha kujifunza la kufanya mahali ambapo kosa lake litagharimu kipande cha ubao tu.

Na kwa mzazi asemaye mtoto wake asipande mashua tena, sina ubishi. Haki hiyo ni yake mpaka sisi tutakapoonyesha kazi yetu.

Kwa hiyo natoa mashauri manne. La kwanza, mashua isishushwe majini, hata kwa safari ya robo saa, mpaka vyuma vyote vitano viwe vimefunguliwa na ubao wake kutazamwa, pamoja na vile viwili vinavyoonekana vizima. La pili, fundi wetu wa Msangamkuu aombwe aje Jumamosi nne, naye alipwe ujira wake kamili. Si haki kumwita mzee "hazina ya taifa" katika hotuba, halafu kumpa soda. La tatu, kazi ifanywe na wasichana na wavulana kwa zamu sawa, wala isiwe adhabu kamwe. Shuleni twapenda kumpa mkosaji jembe au ufagio, kisha twashangaa kwamba vijana wanaiona kazi ya mikono kuwa aibu. La nne, kuwe na daftari la mashua. Kila chuma kiwe na ukurasa wake, iandikwe siku kilipofunguliwa, kilichoonekana chini yake, na jina la aliyekitazama. Mwenye kuandika jina lake hupiga magoti na kuchungulia vizuri zaidi.

Ukurasa wa kwanza nimekwisha kuuandika mwenyewe, habari ya kifungio cha demani, na jina langu liko chini ya maneno haya: "Kilikazwa. Hakikukaguliwa."

Kazi itaanza Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, saa mbili asubuhi, hapo pwani ya Shangani. Atakayekuja alete kisu butu, nguo za kazi na chakula chake. Wazazi wanakaribishwa, na mwenye kipande cha mkongo asikitupe. Mama yule aliyenitembelea nimemwalika, naye amekubali kuja. Nimemwomba atuulize tena swali lake lile lile, mbele ya watoto wote, kabla mashua haijaguswa na maji.